Trela la Eda

Watu wakiniuliza mama anakalia eda wapi, hujibu Al Amerat nikaishia hapo. Nikitaja trela, nusu yao hucheka na nusu hunionea huruma, nami vyote viwili sivitaki.

Lakini ndiyo hivyo. Mama yangu, Bi Kheiria, alifiwa na mumewe akiwa anaishi ndani ya trela, na humo humo akasema atakaa miezi yake minne na siku kumi. Msidhani ni trela la kubebea mchanga. Ni nyumba ya magurudumu, ndefu kama basi, ina chumba cha kulala, jiko, choo na makabati. Marehemu baba, Mzee Sleyum, aliinunua kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa anahama Dubai, akaivuta mpaka Maskati kwa gari la kukodi, anapiga honi kila anapoona watu wamesimama. Tulikuwa tumeivunja nyumba yetu ya zamani tujenge mpya pale pale, na baba aliapa hatapanga kwa mtu. "Tutakaa humu miezi michache tu," akasema. Mkandarasi akapotea. Akaja wa pili, naye akapotea. Baba mwenyewe akapotea kabla ya nyumba kupata paa. Mpaka leo nguzo zimesimama na vyuma vimechomoza juu, na nyuma ya trela kuna shimo la maji taka ambalo hakuna aliyelifunika.

Alikufa ghafla, kwa moyo. Msiba haujapoa, ndugu wakaanza kumgombea mama. Huyu ana ghorofa nzima Al Khuwair, yule ana villa Yiti inayotazama bahari. Mama aliwasikiliza wote, akawapa kahawa, kisha akasema, "Eda hukaliwa nyumba nliyokuwa nkikaa na mume wangu. Nyumba yangu hii."

Nani angebishana naye? Ndivyo sheria isemavyo, hapo mama hakukosea. Tunaokosea ni sisi tunaozidisha. Sheria inataka mjane asijipambe na asitoke bila haja. Ukoo wetu ukaongeza ya kwake: sauti yake isisikiwe na mwanamume wa kando, asitajwe mbele ya fundi, pazia lisifunguliwe hata kwa kidole. Kwetu kizuka, yaani mjane aliyeko edani, hufichwa mpaka mtu asiyejua adhani nyumba ile imehamwa.

Sasa nieleze jinsi trela lile lilivyosimama, maana bila hilo hamtajua kwa nini nilikuwa silali. Trela la aina ile halivutwi kwa nyuma ya gari kama mengine. Mbele lina pua iliyoinuka, na chini ya pua hiyo kuna pini nene ya chuma inayokaa ndani ya bodi ya pikapu. Pikapu ikishaondoka, pua inabaki inaning'inia hewani, na mzigo wote wa mbele unabebwa na miguu miwili myembamba iliyoko nyuma ya pini. Na ndani ya pua ile ndimo waliolitengeneza walimoona panafaa kuweka kitanda. Kwa hiyo mama yangu alilala juu ya hewa. Akigeuka kitandani, vikombe vya jikoni vililia.

Baba alipokuwa hai tulilicheka jambo hilo. Baada ya msiba lilikoma kuchekesha. Wanawake wa tanzia walikuja kila alasiri na machupa yao ya kahawa, wakajipanga sakafuni goti kwa goti, na kila aliyeingia akapanda kidato, nyumba nzima ikaitikia. Shangazi Balqis, dada yake baba, alikuja kukaa na mama kwa muda wote wa eda. Akastahimili wiki chache. "Mimi nilipanda meli kutoka Unguja sikutapika," akaniambia huku anakusanya nguo zake, "nije kutapika Al Amerat?" Akaondoka. Mama hakumzuia, na mimi nilipojitolea kuhamia pale akanikatalia. Alitaka nafasi ya kusali, alisema. Basi nikabaki kulala kwa ndugu yangu Taimur, na kila nikitoka wizarani nikawa nampelekea chakula.

Kisha mvua ikanyesha. Kiwanja kile kimejazwa kifusi, na mguu wa kulia wa trela ukazama. Pua ikainama upande mmoja. Ukiweka chungwa mezani linaondoka peke yake.

Tangu hapo mama akabadilika. Chakula nikawa nakikuta kilivyo, kimefunikwa. Akawa anatembea ameshika ukuta. Akawa anakaa kitandani mchana kutwa, na nikimwuliza neno hunijibu baada ya kimya kirefu, kana kwamba swali lilikuwa linatoka mbali kumfikia. "Kizunguzungu?" nikamwuliza. "Labda," akasema. Mimi nikalikamata lile labda kwa mikono miwili. Nikajua ugonjwa wa mama ni trela. Na trela lina dawa.

Dawa yenyewe niliipata kwenye simu, usiku wa kukosa usingizi: stendi ya chuma yenye miguu mitatu, inawekwa chini ya ile pini, unazungusha skrubu kichwani mwake mpaka inabana, na pua haitikisiki tena. Nikaagiza. Nikamwonyesha mama picha. Akaitazama, akasema, "Kumbe mafiga. Haya, figa moja haliinjiki chungu," kisha akageuza uso ukutani. Nami mjinga nikafurahi, nikaona ameikubali.

Stendi ilifika. Taimur akaiweka pembeni na boksi lake, leo kesho, leo kesho, mpaka Idara ya hali ya hewa ikatangaza munkhafadh. Ndivyo tunavyoita dhoruba zile za baridi, zinazokuja na upepo na mvua na kuwakimbiza watu wote watoke mabondeni. Ilitarajiwa Alkhamisi jioni. Hapo ndipo Taimur alipozinduka. Akamwita Ghanim, jirani wa mtaa wa pili mwenye gari la kuvutia magari mabovu, mtu mnene na mchangamfu ambaye wazazi wake walirudi kutoka Bujumbura na Kiswahili chao cha bara. Kwa sababu pua imezama, stendi haikuweza kuingia chini ya pini mpaka pua iinuliwe kwa jeki. Tukakubaliana waje baada ya alasiri, na wanisubiri.

Alkhamisi mchana nikiwa kazini Al Khuwair nilimpigia mama. Hakupokea. Nikapiga tena. Taimur naye hakupokea. Nje ya dirisha la ofisi mitende ya barabarani ilikuwa imeshaanza kuinamia upande mmoja. Nilimwambia mkuu wangu naumwa tumbo. Njia ya mlimani ya Bausher ilikuwa imejaa malori yanayopanda kama wagonjwa, na mimi nyuma yao nasoma kila aya niliyoifundishwa utotoni, naichanganya, naanza upya. Nililiona akilini trela limelala ubavu. Nilimwona mama yumo ndani. Nikajikemea, nikapiga simu tena. Kimya.

Nilipofika, upepo ulikuwa unaokota mifuko mitupu ya saruji na kuirusha juu ya nguzo. Gari la Ghanim limeegeshwa njiani. Hawakunisubiri. Pua ya trela ilikuwa imeinuliwa kwa jeki moja kubwa iliyokaa juu ya mbao, na miguu miwili ya mbele ilikuwa inaning'inia, haigusi chini. Taimur amevua dishdasha, amebaki na fulana na shuka la wizari kiunoni, ana matope mpaka magotini.

"Dada Lamya!" Ghanim akaniita, jasho linamtoka. "Umekuja wakati mzuri. Upepo umetuharakisha. Dakika kumi tu, khalas."

Nilikwenda kwa Taimur. "Mama yuko wapi?"

Taimur akajishughulisha na kamba isiyokuwa na kazi.

"Taimur!"

"Yupo," akanong'ona.

"Yupo wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nikafuata kidevu chake mpaka kwenye kidirisha kidogo cha pua, pazia limefungwa, juu kabisa ya ile pini, juu kabisa ya jeki.

"Na Ghanim anajua?"

"Najua nini?" Ghanim akageuka.

"Kwamba mama yumo ndani."

Uchangamfu wote ukamtoka usoni. "Hapana. Hakuna mtu ndani. Wallahi dada, nimeuliza. Kabla sijagusa jeki nimesimama hapa hapa nikauliza kwa sauti, kuna mtu ndani? Akanijibu hakuna, endelea."

Nilimtazama Taimur. Ana ndevu, ana watoto watatu, ni mkuu wa kitengo, na wakati ule alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja sahani.

"Ningesemaje, dada?" akasema. "Mama yupo edani. Ningemwambia mwanamume, naam, mama yangu kizuka yumo, yuko kitandani, juu ya kichwa chako? Aliponiuliza tu, jibu lilitoka lenyewe."

Na mimi nilimwamini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tumelelewa hivyo. Akija dereva wa tangi la maji au msoma mita akauliza kuna mtu, na nyumbani wamo wanawake peke yao, jibu ni hakuna mtu, na wanawake watano wamesimama nyuma ya mlango wanasikiliza. Hatufikirii. Tunasema hakuna kama tunavyosema alhamdulillah.

"Mficha uchi hazai," nilimwambia. "Leo ungemzika kwa heshima yako. Shusheni!"

"Hatuwezi," akasema Ghanim. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mguu huu wa kulia ulipotoka kwenye tope umetoka umepinda. Tukishusha utakunjika, pua itapiga chini. Na jeki inaanza kuinama, mbao zinazama. Kitu pekee ni kuingiza stendi chini ya pini sasa hivi, na stendi haiingii. Imebaki kidole kimoja tu, na jeki imefika mwisho wake."

"Basi mama atoke."

Nilikimbilia mlangoni. Umefungwa kwa ndani, kama anavyofunga siku zote wanaume wakiwepo. Vidato vyenyewe vimekunjwa, mlango uko juu ya kifua changu. Nikagonga kwa kiganja, nikagonga kwa ngumi.

"Usitikise, dada!" Ghanim akapiga kelele. "Mwambie aende nyuma. Jikoni, juu ya magurudumu. Uzito ukitoka kwenye pua tutapata nafuu. Lakini pole pole."

Nikarudi mbele, nikachukua ufito, nikagonga kidirisha. "Mama! Ni mimi Lamya. Nenda jikoni, mama, pole pole." Kimya. "Mama, unanisikia?" Pazia halikutikisika. "Mama, gonga ukuta basi, usiseme kitu, gonga tu!"

Hakugonga. Nikaona sasa ameanguka, presha imempanda, amelala humo amekunja mikono na sisi tumesimama nje na vyuma vyetu. Nilitamani kumpiga Taimur. Nilitamani baba afufuke dakika moja tu nimwambie nini maoni yangu juu ya Mmarekani wake.

Hapo ukaja upepo wa kweli. Ulilipiga trela ubavuni, likalia lote kuanzia mkiani, na magurudumu yakasogea nyuma. Yalisogea kidogo tu, lakini niliyaona kwa macho yangu. Kabari walikuwa wameweka upande mmoja wa matairi, upande wa mbele. Upande wa nyuma, uliko shimo, hapakuwa na kitu.

"Mawe!" Ghanim akapiga kelele. "Taimur, mawe nyuma ya matairi!"

Taimur akakimbia, akaanza kutupa matofali chini ya matairi. Jeki ikainama zaidi. Ghanim akachukua mtaimbo, akauchomeka kando ya jeki, akauegemea kwa bega na kifua na tumbo lake lote. Mishipa ikamsimama shingoni.

"Stendi!" akasema kwa meno yaliyobanwa. "Mtu aingize stendi!"

Mtu mwenyewe alikuwa mimi. Hapakuwa na mwingine. Nilikunja abaya mpaka magotini, nikaikumbatia stendi, nikatambaa nayo chini ya pua. Nilikuwa sijawahi kuiona ile pini kwa karibu. Ni nene kama mkono wa mtu, imepakwa grisi nyeusi, na juu yake kuna bamba la chuma, na juu ya bamba ubao, na juu ya ubao mama. Nikasimamisha miguu mitatu juu ya kipande cha mbao, nikasukuma. Kichwa cha stendi kikagonga ukingo wa pini, kikagoma. Nikaizungusha skrubu chini mpaka mwisho. Nikasukuma. Kikagoma.

"Toka, dada!" Ghanim akaguna. "Acha! Haishiki. Toka chini!"

"Sitoki!" nikasema. "Taimur, ongeza mawe! Bismillahi," nikasukuma tena, grisi mpaka kwenye viwiko, nalia bila kujua nalia.

Ubao ukalia juu ya kichwa changu.

"Nani huyo yuko chini?"

Ilikuwa sauti ya mama, nzima, kubwa, sauti aliyokuwa akituitia chakula tulipokuwa wadogo na mtaa mzima ukajua tunakula nini.

"Mimi, mama! Lamya!"

"Lamya yuko chini?"

"Niko chini! Rudi nyuma, mama! Nenda jikoni!"

Nikamsikia anashuka kitandani, kisha nikasikia miguu yake inakimbia. Mama yangu, ambaye siku zote zile alikuwa anatembea ameshika ukuta, alikimbia kutoka puani mpaka mkiani, vikombe vinaanguka nyuma yake, na ile pua ikapumua, ikapanda. Upana wa kidole. Kichwa cha stendi kikateleza, kikaingia chini ya pini kama kilichokuwa kinangoja kukaribishwa. Nikaizungusha skrubu, nikaizungusha, mpaka chuma kikauma chuma na mikono yangu ikakataa.

Mtu akanivuta kwa mguu. Alikuwa Ghanim, ambaye nadhani maishani mwake hajapata kumshika mguu mwanamke asiyekuwa wake, na alipokwisha kunitoa aliuachia kama kaa la moto, anaomba msamaha kwa Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja. Kabla hajamaliza, mlango wa trela ukafunguliwa. Mama akatokeza, kanga imefungwa kichwani ovyo, mchana kweupe, mbele ya mwanamume wa kando.

"Wee Ghanim! Ushamtoa mwanangu?"

Ghanim akainamisha macho mpaka kwenye viatu vyake. "Nimemtoa, mama. Mzima huyu hapa."

Mama akanitazama kutoka juu mpaka chini, grisi, tope na yote. Kisha akafunga mlango.

Wakamalizia kazi. Walijaza matofali mbele na nyuma ya matairi, wakaweka mbao nene chini ya miguu ya stendi, wakaibana skrubu kwa spana. Ghanim aliisukuma pua kwa bega, na upepo ukaisukuma naye, haikujibu. Akakataa malipo, akakataa chai, akaondoka haraka kama aliyeona siri ya watu. Taimur alikaa juu ya tofali amejishika kichwa. Nilimwacha hapo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, lakini niliona yamekwisha kumfikia bila mimi.

Mama alinifungulia. Niliingia, nikapanda kwa kishindo makusudi, nikasikiliza. Hakuna kikombe kilicholia. Nikatembea mpaka chumbani na kurudi. Sakafu imetulia kama sakafu ya msikiti. Nilifurahi, nakwambieni, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

"Mama, umeona? Halitikisiki! Sasa utakula, utalala, kizunguzungu kitakwisha."

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kabati la jikoni, vipande vya vikombe pembeni yake. Nilimletea maji. Akayashika, hakuyanywa.

"Niligonga dirisha," nikamwambia. "Hukunisikia?"

"Nlikusikia."

"Nilipokuita uende jikoni, nilipokwambia gonga ukuta?"

"Yote nliyasikia, Lamya."

"Mbona hukujibu, mama? Nilidhani umekufa!"

Nje mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa juu ya bati.

"Yule kijana aliuliza kama kuna mtu ndani," akasema. "Nlikuwa nimekaa kitandani. Nkangoja nisikie Taimur atasemaje. Akasema hakuna." Akazungusha glasi mkononi. "Nkaona kweli. Mimi tangu kufa baba yenu nshaliona hilo, ila hapana mtu aliyelisema. Kisha kitanda kikaanza kuinama. Nkasema, Yarabbi, kama ndo leo, basi na iwe leo. Sikuogopa hata kidogo. Nkakaa."

"Mama."

"Wewe ulipokuwa unagonga nlikuwa nakusikia kwa mbali. Nkasema atachoka, ataacha. Mpaka nkaisikia sauti yako inatoka chini ya sakafu." Akaiweka glasi chini. "Hilo nliliogopa. Nyumba ikushukie wewe kwa ajili yangu mimi? Ndo nkainuka."

Nilikaa chini mbele yake. Nilikumbuka zile sahani zilizofunikwa, na yale majibu yaliyochelewa, na jinsi nilivyokuwa najua, najua kabisa, kwamba ni mguu wa kulia umezama. Mikono yangu bado ilikuwa nyeusi kwa grisi ya dawa niliyomletea. Woga wote wa siku ile, wa barabarani na wa chini ya pini, haukuwa kitu mbele ya huu ulioniingia pale, sakafu imetulia na mama yuko mzima mbele yangu.

"Na sasa?" nikamwuliza. "Sasa hivi, mama. Bado unataka iwe?"

Angeweza kunidanganya. Mama yangu anajua kudanganya kwa upole, ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Lakini alinitazama, akafikiri.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Usimwambie Taimur."

Nilimshika mkono, nikaupaka grisi. Hakuuondoa. Baadaye nikainuka, nikafungua kidirisha cha jikoni, na mvua ikaniingia usoni. Taimur alikuwa bado amekaa pale pale juu ya tofali, ameloa. Nilimwita, nikamwambia aende nyumbani akaniletee godoro langu na nguo zangu za kazini.

"Godoro la nini?" akauliza. "Si limeshatulia?"

Nikamwambia alete godoro, na asiulize.